Bi Ngoja wa Stoo ya Vifaa Chakavu

Tarehe 30 ya mwezi huu, saa kumi jioni, Bi Ngoja atarudisha kitambulisho chake pale mapokezi na kutoka nje ya geti la mamlaka yetu ya maji akiwa mstaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja na miezi minne. Alianza akiwa karani mchapaji, wakati jengo zima lilikuwa na kompyuta mbili, na moja ilifunikwa kitambaa isiingie vumbi. Anaondoka akiwa mtunza stoo ya vifaa chakavu. Katikati hapo, kwa miaka kumi na sita, alikuwa ofisa usalama wa kompyuta, wa kwanza kushika nafasi hiyo hapa kwetu. Msomaji makini atauliza imekuwaje mtu apande kiasi hicho kisha ashushwe stoo. Jibu ninalo mimi, mkuu wa utawala, ninayeandika ukurasa huu wa jarida letu la ofisini.

Kwenye faili lake kuna barua moja ya onyo. Niliiandika mimi, na hakuistahili. Aliniomba mara moja tu, kwa upole, kwamba siku atakayostaafu faili lake liwe safi. Halitakuwa safi. Nitaeleza kwa nini, ila niruhusuni kwanza nimweleze yeye, maana wafanyakazi wapya wanamjua tu kama mama wa miwani yenye kamba anayekaa nyuma ya karakana ya mita.

Jina la Bi Ngoja halimo kwenye vyeti vyake. Alibandikwa na mafundi bomba, kwa sababu ya kikaratasi alichokibandika juu ya kila skrini katika jengo hili, chenye maneno mawili: "Ngoja kwanza." Umepata barua pepe kwamba umeshinda bahati nasibu ambayo hukucheza? Ngoja kwanza. Barua inasema mkurugenzi yuko ng'ambo na anataka nywila yako haraka, na mkurugenzi huyo huyo mmepishana kwenye ngazi sasa hivi? Ngoja kwanza. Mumewe, ambaye ni fundi saa, hulalamika kuwa hata akibisha hodi nyumbani kwake mwenyewe anajibiwa hivyo hivyo.

Mwaka wa pili wa uofisa wake nilirudi kutoka semina nikiwa nimechangamka kupita kiasi. Nikaagiza kila mtumishi abadilishe nywila kila baada ya siku thelathini, yenye herufi kumi na mbili, tarakimu na alama, na isifanane na yoyote iliyotangulia. Niliona nimemaliza kazi. Bi Ngoja alisubiri miezi mitatu, kisha saa ya chakula cha mchana akapita ofisi zote akiinua kibodi moja baada ya nyingine. Kwenye meza hamsini na nane alikuta vikaratasi vya nywila arobaini na moja. Mhandisi mmoja alikuwa ameandika yake ndani ya kofia yake ngumu ya kazini, kwa hiyo kila akitaka kufungua kompyuta alivua kofia kama mtu anayesalimia wakwe.

Nilimtaka aniletee majina ya hao arobaini na mmoja. Hakuniletea hata moja. Aliniletea ukurasa mmoja wa hesabu. Alikuwa amesimama kwenye dirisha la wateja kwa siku tatu, saa ya mumewe mkononi, akipima dakika ambazo wahudumu wetu wanapoteza kufungua mashine zilizojifunga huku foleni ikiwatolea macho. "Mkuu," aliniambia, "hii sheria wewe haikugusi. Inamgusa yule wa dirishani, na anatukanwa kwa ajili yake kila siku. Ningekuwa mimi ningeandika kwenye kiganja."

Sheria ile tuliilegeza, nami nilinuna wiki nzima.

Kisa cha chumba cha pampu ndicho mafundi wanachokipenda zaidi. Kompyuta ya pale ilipangwa ijifunge kila baada ya dakika mbili, na mwendesha pampu ana mikono yenye grisi tangu asubuhi. Bi Ngoja alipofika kukagua alishangaa kuona ile mashine haijifungi kamwe. Alizunguka, akachungulia, akakuta mausi ya kompyuta imewekwa juu ya gamba la pampu namba mbili. Pampu inatetemeka, mausi inatetemeka, kompyuta inadhani kuna mtu anafanya kazi. Mtu mwingine angeandika ripoti ya utovu wa nidhamu. Yeye alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamtafutia mwendesha pampu kadi ya kugusisha tu, ambayo haijali grisi. Mausi ilirudi mezani yenyewe bila kuamriwa.

Ndivyo alivyokuwa akiona mambo. Hakuamini kwamba watumishi ni wazembe wala wajinga. Aliamini kila mtu anapima, hata kama hajui kuwa anapima, na akiona kutii kunamuumiza kuliko kukaidi, atakaidi huku akitabasamu. "Kabla hujamlaumu mtu," alizoea kusema vikaoni, "angalia anapata nini akifanya vizuri." Tuliitikia kwa vichwa, tukaendelea na ajenda inayofuata.

Sasa nifike kwenye Kombe.

Wanaonifahamu wanajua napenda vyeti na ngao. Ukuta wa ofisi yangu hauna nafasi ya kalenda. Miaka saba iliyopita nilianzisha Kombe la Usalama. Idara itakayomaliza robo mwaka bila tukio lolote la usalama wa kompyuta ingepewa kombe, ingepigwa picha na mkurugenzi, na watumishi wake wangetoka saa sita mchana kila Ijumaa kwa mwezi mzima. Upande wa pili niliweka ubao pale kwenye korido ya chai, ambapo jina la yeyote aliyebofya asichotakiwa kubofya lingekaa siku thelathini. Nilidhani nimewapa watu sababu ya kuwa waangalifu.

Bi Ngoja aliniandikia waraka wa ukurasa mmoja na nusu. Alisema ninachokipima si usalama, ni ukimya. Alisema anayebofya kwa bahati mbaya ana njia mbili: aje kusema, aanikwe ubaoni na kuwanyima wenzake Ijumaa zao, au anyamaze, na pengine lisitokee lolote. Alipendekeza tupindue kitu kizima, idara isifiwe kwa kuripoti mapema, na jina la aliyeripoti lisijulikane na mtu yeyote isipokuwa yeye ofisa usalama. Pembeni ya waraka ule niliandika neno "Imeonekana," nikapiga mhuri, nikaupeleka masijala. Bado upo. Niliusoma tena juzi.

Matokeo ya Kombe yalikuwa mazuri ajabu. Robo ya kwanza matukio manne, ya pili moja, ya tatu sifuri jengo zima. Nilialikwa kuzungumza kwenye mkutano wa mamlaka za maji na nikaonyesha mchoro wa mstari unaoshuka. Bi Ngoja alikaa safu ya nyuma, mikono kifuani. Nilipokwenda kukaa kando yake alinong'ona, "Watu mia mbili, miezi mitatu, hakuna hata mmoja aliyekosea? Mkuu, hiyo sifuri inanitisha." Nikadhani ana wivu.

Siku tatu kabla ya robo ya nne kufungwa, karani mmoja alipokea barua pepe yenye ratiba ya likizo. Aliifungua, skrini ikamwuliza nywila, akaiandika. Ratiba haikutokea. Katika dakika tano alishajua kuwa ameingizwa mjini. Aliangalia mlangoni, akaona wenzake wakipanga Ijumaa zao: mmoja alikuwa ameshamwahidi mama yake mgonjwa kwamba atakwenda kumwona. Karani akafunga ile barua, akanyamaza. Alinyamaza siku tisa.

Siku ya kumi, Jumanne saa mbili asubuhi, skrini zote zikawa nyeusi zenye maandishi mekundu. Ramani za mabomba, ratiba za pampu, kumbukumbu za vali, vyote vilikuwa vimefungwa na watu tusiowajua. Mitaa ya juu ilikosa maji siku sita. Wengi wenu mlikuwepo. Mnakumbuka foleni za ndoo pale getini, na yule mama aliyemwaga maneno yote aliyonayo kwa mlinzi, ambaye hata kompyuta hana. Binti wa Bi Ngoja ni mkunga katika zahanati ya mtaa wa juu. Siku ya pili alimpigia mama yake simu mara tatu. Mara ya tatu alilia tu.

Bi Ngoja alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa uani, daftari kubwa gotini, akawaita mafundi bomba wazee mmoja mmoja. "Vali ya kwenye kona ya shule iko hatua ngapi kutoka ukutani? Inafungwa mizunguko mingapi?" Kwa kumbukumbu za vichwa vyao, na kwa miguu yao, mitaa mitatu ikapata maji siku ya nne. Mingine ilisubiri.

Kabla ya hapo, jioni ya siku ya pili, yule karani alimfuata. Alimweleza yote kwa kilio. Bi Ngoja alimwuliza swali moja tu, kwamba ilikuwa siku gani na saa ngapi. Kwa jibu hilo wataalamu walijua nakala ipi ya akiba ilikuwa safi na ipi ilishaingiliwa, na kazi iliyokadiriwa wiki tatu ikaisha kwa siku nne. Bila karani yule tungekuwa bado tunatafuta. Angekuja siku ya kwanza kati ya zile tisa, ingekuwa kazi ya dakika ishirini na wananchi wasingejua kuwa kulitokea jambo.

Bodi iliunda kamati ya uchunguzi, nami nikawa katibu wake. Bodi ilitaka jina. Bi Ngoja aliitwa, akakiri kwamba analijua, akakataa kulitaja. Mwenyekiti alimtisha kidogo, kisha akambembeleza, kisha akamtisha tena. Jibu lake nililiandika mwenyewe kwenye kumbukumbu za kikao: "Nikimtaja huyu, wa pili haji." Mimi ndiye niliyemjua zaidi katika chumba kile. Nilijua kuhusu waraka wa ukurasa mmoja na nusu. Nilikuwa naweza kusema kwamba Kombe ni langu, ubao ni wangu, na kwamba huyu mama alituonya kwa maandishi. Niliangalia karatasi zangu. Kwenye kiti changu nilikuwa napima kama yule karani alivyopima, na nikapata jibu lile lile alilopata yeye.

Wiki hiyo nilimwandikia barua ya onyo kwa "kushindwa kusimamia usalama wa mifumo na kutotoa ushirikiano kwa kamati." Akahamishiwa stoo. Alibeba vitu vyake kwenye boksi moja, akapita mlangoni kwangu, akanisalimia kwa jina la cheo changu kama kawaida. Ndipo alipolitoa lile ombi lake kuhusu faili. Nilimwambia tutaliangalia.

Stoo ya vifaa chakavu ni chumba chenye dirisha moja, rafu za skrini zilizokufa na harufu ya mpira. Nilidhani habari za Bi Ngoja zimeishia humo. Baada ya muda nikaanza kuona jambo geni kwenye taarifa za vifaa: kibodi zetu zilikuwa zinaharibika kwa wingi usioelezeka. Kila wiki watu wanakwenda stoo kubadilishiwa. Nilimwandikia Bi Ngoja nikiuliza ni muuzaji gani anayetupa bidhaa duni hivi. Akajibu kwa mstari mmoja: "Kibodi hazina tatizo. Naomba ziendelee kuletwa." Nikamtuma mkaguzi wa ndani. Mkaguzi akarudi baada ya saa mbili akiwa ametulia sana, akaniambia hakuona kasoro yoyote, na hakunitazama usoni.

Nilielewa mwaka juzi, kwa aibu yangu mwenyewe. Asubuhi moja nilipokea barua pepe inayonitangaza mshindi wa tuzo ya kiongozi bora wa utawala. Ilitaka nithibitishe kwa nywila yangu. Kikaratasi cha "Ngoja kwanza" kilikuwa juu ya skrini yangu, na nilikisoma huku naandika nywila. Nilipogundua, nilikaa nikitokwa jasho chini ya vyeti vyangu vyote. Mkuu wa utawala! Ndipo katibu muhtasi wangu, bila kuinua macho kwenye kazi yake, akasema, "Mkuu, labda kibodi yako ina matatizo. Ipeleke stoo."

Nilipita korido yote na kibodi kwapani. Niliokutana nao walinisalimia kwa heshima ya pekee na hakuna aliyeuliza kitu. Bi Ngoja aliipokea kibodi, akanisogezea kiti, akafunga mlango.

"Saa ngapi?"

Nikamwambia ni saa nne na dakika kumi. Wakati huo ilikuwa saa nne u nusu. Alinyanyua simu, akamwambia mtu wa kitengo cha kompyuta namba ya mashine bila kutaja ya nani, na kabla ya saa tano mlango niliowafungulia wezi kwenye mfumo ulikuwa umeshafungwa. Hakunisema. Hakunikumbusha lolote, ingawa alikuwa na miaka ya kunikumbusha. Nilipoinuka aliniuliza tu, "Sasa hii kibodi nikubadilishie kweli, au unaipenda?"

Kwa miaka sita stoo ilibadilisha kibodi mia mbili na kumi na mbili. Zilizokuwa mbovu ni kumi na tisa. Zilizobaki zilirudishwa mezani kesho yake zikiwa zimefutwa vumbi. Kila moja ilikuwa mtu aliyekosea, akaja mapema, akaondoka na heshima yake. Katika miaka hiyo hatujakosa maji hata siku moja kwa sababu ya kompyuta. Mimi nilimpeleka pale kumwadhibu, na yeye akakifanya kile chumba kuwa mahali pekee katika jengo hili ambapo kusema kweli hakumgharimu mtu.

Wiki ile ile ya aibu yangu nilikwenda masijala kuiondoa barua ya onyo. Kanuni za utumishi zinaruhusu aliyeiandika kuiondoa ndani ya miaka mitatu. Karani wa masijala alihesabu kwa vidole, akanionea huruma. Nilikuwa nimechelewa kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Mwaka wa kwanza niliona haya. Wa pili nilijiambia nisubiri bodi mpya. Wa tatu nilikuwa na shughuli nyingi, au ndivyo nilivyojidanganya. Niliiandikia bodi nikakiri mambo haya yote. Wakanijibu kwa adabu kwamba kanuni ni kanuni. Barua itabaki. Walichokubali ni nakala ya jarida hili kuwekwa ndani ya faili, juu ya barua hiyo, ili atakayelifungua aanze na ukurasa huu.

Tangazo la kustaafu kwake lilipobandikwa, yule karani wa siku tisa alikuja ofisini kwangu. Alifunga mlango, akasema, "Ni mimi." Bado anafanya kazi nasi. Alikuwa ameandika maelezo yake na kuyatia sahihi, na akaniomba niyachapishe hapa kwa jina lake kamili ili Bi Ngoja asafishwe mbele ya kila mtu. Niliyapokea kwa furaha, nikaandika aya ndefu ambayo nakiri ilikuwa nzuri.

Jumatatu nilimpelekea Bi Ngoja rasimu. Aliisoma mara mbili, miwani puani. Aya zinazonihusu mimi hakuzigusa hata kidogo. Akachukua rula na kalamu, akakata ile aya ndefu yote, kisha akarudi nyuma akakata sehemu mbili nyingine ambapo mtu angeweza kukisia idara. Nikamwambia mwenyewe ameridhika, ametia sahihi kabisa.

"Karidhika, sawa," akasema. "Lakini hili jarida linasomwa na watu. Watajifunza kwamba ukija kwa Bi Ngoja, miaka sita baadaye unatoka gazetini. Nani atakwenda kwa huyo atakayenirithi?"

Nilimwambia kwamba basi watu hawataelewa ni kwa nini alikubali kuadhibiwa.

"Waandikie kuwa nilinyamaza. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Nimefuta, kama alivyotaka. Karani huyo ataingia kazini kesho kama siku zote, na wengi wenu mtaketi naye meza moja mchana bila kujua. Bi Ngoja anaondoka na onyo langu kwenye faili lake.

Dada yangu, ofisi nzima inakushukuru kwa miaka yako thelathini na moja, na inakuombea afya, usingizi wa kutosha na nyumba yenye vicheko pamoja na shemeji na wajukuu. Hayo ni yetu sote. Samahani ni yangu peke yangu, nayo imechelewa. Uende salama, na maisha mema yakupokee huko unakokwenda.